Matunzo ya Mtoto ni Deni, na Dawa ya Deni Kulipa

Kila mkaazi wa Visiwa hivi anaelewa kwamba mama aliyeachwa na watoto hupata taabu mara mbili. Taabu ya kwanza ni kuipata hukumu ya matunzo mahkamani. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kuzipata fedha zenyewe. Baba hulipa mwezi wa kwanza mbele ya karani. Wa pili huleta nusu. Wa tatu hapatikani. Mama akirudi kulalamika, hutokea akapewa yeye mwenyewe barua ya wito ampelekee mtu yule yule anayemkimbia.

Wako wanaodhani kuwa matunzo ni hisani ya baba. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa vingine. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imemtwika baba chakula na mavazi ya mama anayemnyonyeshea mwanawe. Sura ya At-Talaq, aya ya 7, imemtaka kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake, na mwenye riziki ndogo hakusamehewa kabisa. Hind binti Utba alipomshitaki mumewe kwa Mtume (S.A.W.) kwa ubakhili, aliruhusiwa kuchukua katika mali ya mume kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema.

Tena wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa petu, wanasema kuwa matunzo ya mtoto ya siku zilizopita hayawi deni mpaka kadhi ayahukumu au aruhusu kukopa kwa ajili yake. Hapa pana mafunzo mawili. Mama asikae miaka akingoja huruma. Na aende mapema. Na kadhi akishahukumu, hilo ni deni kama deni lolote, wala si ombi.

Serikali nayo haikunyamaza. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011. Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 27 kinazitaka nchi zihakikishe kuwa matunzo yanapatikana kwa mzazi, hata akiwa nchi nyengine. Basi kasoro kubwa imo katika utekelezaji.

Tunapendekeza mambo yafuatayo. Kwa mtumishi mwenye mshahara, amri ya mahkama ipelekwe moja kwa moja kwa mwajiri, fedha zikatwe kabla hazijamfikia mkononi. Mikopo ya benki hukatwa hivyo hivyo kila mwezi. Iweje chakula cha mtoto kisubiri hiari? Kwa mkulima na mvuvi, hukumu ifuate msimu. Mwenye mikarafuu huuza karafuu zake katika vituo vya ZSTC, na malipo yake yanajulikana. Hapo ndipo pa kulikamata deni. Kwa aliyehamia Pemba, Unguja au Bara, mahkama ziandikiane zenyewe. Na wito upelekwe na mtumishi wa mahkama kwa msaada wa sheha, na mahkama iweke daftari la malimbikizo, ili mama asiwe tarishi wa kesi yake.

Wengine watasema wadaiwa wafungwe. Sisi tunasema pawe na uadilifu. Aliye nacho akakataa kulipa, sheria imbane. Lakini asiyekuwa nacho kweli, kumfunga hakumshibishi mtoto. Al-Baqara, aya ya 280, imeagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Kadhi apime hali yake, apunguze kiwango, wala asilifute jukumu.

Mwisho tujitazame sisi viongozi na makada. Haifai mtu asimame jukwaani kuwahimiza wananchi juu ya malezi bora, ilhali jina lake limo katika daftari la wasiolipa matunzo. Mwenye deni hilo na alilipe kwanza, ndipo asimame kusema. Na maofisa wenye dhamana, kuanzia wizarani hadi shehiani, waelewe kuwa kila hukumu inayolala katika faili ina mtoto nyuma yake anayelala na njaa.