Tunashangilia Nini?

Likizo iliyopita nilitazama "Nairobi Half Life" (2012) katika kibanda cha video hapa Kiamaiko, karibu na soko la mbuzi. Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji. Siku ya kwanza tu mjini anaporwa, anatiwa ndani, na humo anakutana na Oti, kiongozi wa genge. Wenzangu walishangilia kila bunduki ilipolia. Mimi nilinyamaza, kwani kijana wa ploti yetu alifuata njia hiyo hiyo akarudi ndani ya sanduku. Kwa maoni yangu, sehemu tamu ni ile ya mwisho: wenzake wameuawa, lakini Mwas anapanda jukwaani, anaigiza. Hapo kibandani hakuna aliyepiga makofi. Jamani, kwa nini?