Umempiga kwa Kumshuku? Mshtakiwa ni Wewe

Hebu nikuulize kitu kabla hujaendelea kusoma. Uko maskani jioni, iwe ni Shanzu, Utange, Kiembeni ama Majaoni. Mtu anapiga kelele kwamba kijana fulani wa ploti ya nyuma ni shoga, ati amefumaniwa na mwenzake. Watu wanaanza kukimbilia huko, simu ziko juu zinarekodi. Wewe unafanya nini?

Sikuulizi unaamini nini. Imani yako ni yako na Mola wako. Nakuuliza mikono yako itafanya nini, na simu yako itafanya nini, maana sheria ya Kenya itakuangalia hapo.

Najua jibu la wengi: "Si hata serikali imekataza?" Sawa, tuanzie hapo hapo. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kufanya ngono "kinyume na maumbile" ni kosa, na kifungo chake kinafika miaka 14. Mei 24, 2019 Mahakama Kuu iliombwa ikifute kifungu hicho, ikakataa. Wengi wanasikia hapo tu, wanafunga kitabu na kuokota mawe.

Lakini kitabu kina kurasa nyingine. Mimi sheria sikusomea, na hata kozi niliyoanza chuoni sikuimaliza, ila kusoma kifungu hakuhitaji joho.

Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inasema kila mtu ana haki ya kutofanyiwa ukatili, uwe umetoka kwa serikali ama kwa mtu binafsi. Imesema kila mtu. Haijasema kila mtu isipokuwa yule tunayemshuku. Ukimpiga mtu ukamuumiza, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kukupeleka ndani miaka mitano. Na ukisema "mimi nilirusha jiwe moja tu, wengine ndio walimmaliza," kuna kifungu cha 21: mkiungana kwa nia moja kutenda uhalifu, linalotokea ni lenu nyote. Umati hauna pa kujificha mbele ya hakimu.

Kuna na ule mchezo wa siku hizi. Vijana wanafungua akaunti ya uongo, wanamtongoza kijana wa watu kwenye simu, wanamwita nyumbani. Akifika anakuta watu watatu. Wanampiga, wanachukua simu, wanamlazimisha atume pesa, kisha wanamwambia, "Nenda ukaripoti basi, tuone utasema ulikuja kufanya nini." Wanaona ni ujanja. Mwanangu, mkiwa wawili ama zaidi mkamnyang'anya mtu mali yake kwa nguvu, huo ni wizi wa kimabavu. Kifungu ni cha 296(2) na adhabu iliyoandikwa pale ni kifo. Rudia kusoma hiyo sentensi. Hakuna mstari unaosema adhabu inapungua kama uliyemwibia ni shoga.

Na wewe uliyerekodi tu, "sikumgusa," pia una kifungu chako. Kusambaza picha ama video ya faragha ya mtu ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018, kifungu cha 37: faini hadi shilingi 200,000, ama miaka miwili ndani, ama vyote viwili. Kule kubonyeza kidole ili iende kwa grupu ya familia ndiko kusambaza kwenyewe.

Usione kama naongea mambo ya mbali. Vuka daraja hapo, uingie Mtwapa. Februari 12, 2010 umati ulizingira kituo cha afya cha KEMRI kilichokuwa kikitoa huduma za ukimwi, baada ya uvumi kuenea kwamba kuna harusi ya wanaume wawili. Watu walipigwa. Polisi waliwatoa mikononi mwa umati, halafu wakawaweka ndani hao hao waliovamiwa, kisha wakawaachilia bila mashtaka. Fikiria mtu aliyekwenda zahanati kuchukua dawa tu. Siku iliyofuata angerudi?

Ukishuka kusini hadi Ukunda, Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa kwa kushukiwa, wakaletwa hospitali kuu hapa Mombasa wakapimwa sehemu za siri kwa lazima. Walikwenda mahakamani wakashindwa. Wakakata rufaa, na Machi 22, 2018 Mahakama ya Rufaa ikasema upimaji ule ulivunja haki zao. Yaani hata serikali yenyewe, ikiwa na kifungu cha 162 mkononi, haina ruhusa ya kumdhalilisha mtu ili imshtaki. Kama daktari na polisi hawaruhusiwi, wewe wa maskani umepata wapi kibali?

Mahakama imeendelea hivyo hivyo. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema shirika linalotetea haki za mashoga na wasagaji lina haki ya kusajiliwa. Tukaandamana hapa Mombasa, na maneno makali yakasemwa kwenye vipaza sauti. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Mombasa ikatoa amri ya muda kukataza watu kuwachochea wengine wawadhuru watu hawa. Amri hiyo haikumwambia yeyote abadilishe dini. Sheikh anaweza kuhubiri, pasta pia. Kilichokatazwa ni kuita watu waje na mawe.

Kwa hivyo sheria tunayo. Mbona basi vijana wanaendelea kupigwa na kesi hazionekani?

Kwa sababu aliyepigwa anaogopa kituo cha polisi kuliko anavyowaogopa waliompiga. Akifika kwenye meza ya ripoti anaulizwa, "Walikupiga kwa nini?" Akisema ukweli, anaona kifungu cha 162 kimemkalia mbele. Akidanganya, kesi yake imekufa kabla haijaandikwa. Basi anarudi nyumbani na jicho lililovimba, na waliompiga wanarudi maskani kutafuta mwingine. Sheria ile ile inayompa haki ya kulindwa ndiyo inayomziba mdomo. Ukitaka maoni yangu, ndiyo haya: kifungu cha 162 hakijamzuia mtu yeyote kupenda. Kazi kinayoifanya vizuri ni kuwalinda wezi na wapigaji.

Na usidhani hao wezi watakoma kwa mashoga. Sisi wa Kisauni tunajua panga linavyozunguka. Leo wanamvamia "shoga", kesho ni yule anayevaa suruali ya kubana, keshokutwa ni wewe umegombana na mtu na anajua neno la kupayuka. Anayeshukiwa haulizwi ushahidi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kama wewe ndiye uliyepigwa, sikiliza. Nenda hospitali. Nenda kituoni uandikishe, na usiondoke bila nambari ya OB. Omba fomu ya P3, ijazwe na polisi na daktari. Nguo zilizochanika usizifue. Unaripoti kwamba umepigwa, umeibiwa, umetishwa. Unayempenda si sehemu ya ripoti hiyo, na hulazimiki kutaja. Ukifukuzwa kituoni, IPOA ina ofisi Mombasa, na Kituo Cha Sheria pia kiko hapa kusaidia wasio na pesa za wakili. Usiende peke yako, mchukue mtu mmoja unayemwamini.

Na kama hukupigwa, kazi yako ni kuwa huyo mtu mmoja.

Wakubwa nao wana lao. Shanzu tuna mahakama yetu, na kila mahakama ina kamati ya watumiaji ambapo hakimu, polisi, viongozi wa mashtaka na raia hukaa meza moja. Hapo ndipo pa kupeleka ombi moja dogo: mtu akija kuripoti amepigwa, liandikwe kwanza kwamba amepigwa. Asihojiwe kuhusu kitanda chake. Ombi hilo halihitaji Bunge wala halibadilishi aya ya kitabu chochote kitakatifu. Linahitaji tu afisa afungue OB aandike.

Mkumbuke Edwin Chiloba, mbunifu wa mavazi aliyekuwa na miaka 25, mwili wake ukapatikana ndani ya sanduku la chuma Januari 2023. Mitandaoni kuna waliocheka. Mahakama Kuu ya Eldoret haikucheka. Desemba 2024 ilimfunga miaka 50 mtu aliyekuwa akiishi naye. Jaji aliona mtu ameuawa, akamhukumu aliyeua.

Huko mahakamani ndiko kunakohukumiwa watu. Sisi wa mtaani tuna kazi moja tu rahisi: tukisikia kelele, tusiende kuongeza jiwe. Na kama tuna ujasiri kidogo, tusimame katikati hadi yule kijana apate nafasi ya kuondoka.