Tusimtupe Shahidi kwa Sababu ya Kompyuta Mpya

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika jarida letu niwaeleze wanachama wenzangu jambo ambalo naona linazidi kuwapata watu, huku bara nilipo na huko visiwani pia. Mtu anazo kamera za ulinzi nyumbani au ghalani mwake, naye amekaa nazo miaka minne au mitano bila ya taabu. Siku moja anabadili kompyuta. Ya zamani inatoka, mpya inaingia. Akitaka kutazama kamera zake haoni kitu. Ukurasa ni mweusi, au unamtaka aongeze programu ambayo kompyuta mpya haiitambui. Humwita fundi, na fundi, hata chai hajanywa, hutamka: "Mashine hii imekufa, nunua nyingine." Mwenye nyumba naye hununua.

Kwa maoni yangu hukumu hiyo aghalabu si ya haki. Kile kisanduku ambacho mafundi hukiita DVR, nami hapa nitakiita kinasa, mara nyingi ni kizima kabisa. Chenyewe ni kompyuta ndogo, kina diski yake, na huandika picha usiku na mchana hata kama nyumba nzima haina kompyuta nyingine. Kompyuta yako ni dirisha tu la kukichungulia. Dirisha likibadilishwa na lisifunguke, hatusemi kwamba aliyemo chumbani amekufa. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao, na usia huo wafaa sana katika jambo hili.

Tujue kwanza taabu hii imetoka wapi. Vinasa vingi vya miaka iliyopita vilitengenezwa vitazamwe kwa kivinjari kimoja tu, Internet Explorer ya kampuni ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1995. Vilitegemea programu ndogo ya nyongeza ambayo vivinjari vingine havikuikubali. Tarehe 15 Juni 2022 Microsoft waliistaafisha Internet Explorer, na katika Windows 11 haimo tena kama kivinjari cha kufungua. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 walimaliza kuihudumia Windows 10 kwa kawaida yao, na watu wengi wakalazimika kuhama, wengine kwa kununua kompyuta mpya kwa kuwa ya zamani haikuwa na sifa za kupokea Windows 11. Basi jamaa hawa wote waliamka asubuhi moja wakiwa na kompyuta nzuri na kamera zisizoonekana. Kinasa hakikuwa na kosa lolote.

Labda mwanachama atauliza: "Haya yatuhusu nini sisi wenye mikarafuu?" Yatuhusu sana, kwa sababu kinasa hakingojei. Diski yake ikijaa, hurudi mwanzo na kuandika juu ya picha za zamani. Tupige hesabu. Chukua kamera 4, kila moja ikipeleka megabiti 2 kwa sekunde. Jumla ni megabiti 8, yaani megabaiti 1 kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Kwa hiyo kila siku diski hula kama gigabaiti 86. Diski ya terabaiti 1 itajaa kabla ya siku ya 12 kwisha, na picha za siku ya kwanza zitafutika.

Sasa tazama kazi yetu. Karafuu mbichi huchambuliwa, huanikwa siku nne au tano za jua kali, na mvua ikiingia huzidi. Tena katika kukauka hupoteza kama theluthi mbili ya uzito wake, hata mtu hawezi kujua kwa macho kama kilichopungua kimechukuliwa na jua au kimechukuliwa na mkono. Aghalabu mashaka huingia siku ya mizani. Ukihesabu kuanika, kutia maguniani na kungoja gari, hiyo yaweza kuwa siku ya nane au ya kumi tangu mzigo ulipoguswa. Zimebaki siku mbili tu za kutafuta picha. Mwenye mali akizitumia siku hizo kubishana na kompyuta mpya, au akingoja kinasa kipya kije kwa meli, shahidi wake atakuwa amesahau yote. Na lawama haitafutika pamoja na picha. Itabaki imening'inia juu ya kichwa cha mchumaji, mpagazi au mlinzi.

Hapa Themi, katika mji wa Arusha, ndiko nilikojifunza uzito wa jambo hili. Themi ni mahali penye viwanda na maghala, na wakulima hukutana katika viwanja vyake kila Nane Nane. Kamera ukutani ni jambo la kawaida. Katika nyumba moja ninayoijua, mtungi wa gesi ulitoweka uani. Kompyuta ya nyumba ilikuwa imebadilishwa juma lililotangulia na kamera hazikuonekana. Fundi aliyeitwa akasema kinasa kimeungua, akataja bei ya kingine. Mlinzi wa usiku, mtu mzima mwenye watoto, akaambiwa akae kwao mpaka mtungi uonekane. Siku ya sita kijana mmoja wa jirani akachukua waya wa televisheni, akauchomeka kwenye kile kilichosemwa kimeungua, na picha zote zikatokea. Mtungi ulikuwa umechukuliwa mchana kweupe na kijana wa bodaboda, aliyetumwa na mtu wa nyumba hiyohiyo akaujaze. Mlinzi akarudishwa kazini. Lau zingepita siku nyingine sita, asingerudi, na kila aliyemfahamu angemwita mwizi.

Kwa hiyo namwomba kila mwanachama mwenye kamera ashike utaratibu huu, wala asiuruke.

Kwanza, aache kompyuta kando. Achukue waya wa HDMI au VGA, aunge kinasa na televisheni, na achomeke kipanya. Zikionekana picha za sasa, na picha za jana zikikubali kurudiwa, basi kinasa ni kizima na mjadala wa kununua kingine umekwisha. Kama alikuwa akitazama kwa simu na simu bado inaona, hiyo nayo ni dalili ya uzima.

Pili, kama lipo jambo linalotafutwa, anakili saa zinazohitajika kwenye flashi siku hiyohiyo, kabla ya kutengeneza chochote. Atazame saa ya kinasa pia. Umeme ukikatika mara kwa mara na betri ndogo ya ndani ikiwa imechoka, kinasa huweza kurudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma, na mtu akatafuta picha za Jumanne asizione kumbe zimeandikwa tarehe nyingine. Faili likikataa kufunguka katika kompyuta mpya, programu ya bure iitwayo VLC mara nyingi hulifungua.

Tatu, sasa ndipo arudi kwenye kompyuta. Ahakikishe kwamba kompyuta na kinasa vimo katika mtandao mmoja. Mara nyingi pamoja na kompyuta huja na ruta mpya, na ruta mpya hugawa namba zake. Kinasa kilichozoea anwani inayoanza na 192.168.1 hakitaonekana katika nyumba inayotumia 192.168.0. Anwani ya kinasa husomwa palepale kwenye televisheni, katika ukurasa wake wa mtandao, na hapo huweza kurekebishwa.

Nne, kama anwani ni sawa na ukurasa unafunguka lakini picha hazitokei, taabu ni ile ya kivinjari. Kivinjari cha Edge kimewekewa namna ya kufungua kurasa kama Internet Explorer, na Microsoft wameahidi kuitunza angalau mpaka mwaka 2029. Huruhusiwa katika mipangilio ya Edge, panapohusu kivinjari cha kawaida, kisha huandikwa anwani ya kinasa peke yake. Ruhusa hiyo hudumu siku 30, na baadaye sharti iandikwe tena; asiyejua hilo hudhani ugonjwa umerudi. Njia iliyo bora ni kutumia programu ya watengenezaji wenyewe. Wenye vinasa vya Hikvision wana iVMS-4200, na wenye Dahua wana SmartPSS. Zichukuliwe kwa watengenezaji, zisichukuliwe katika kiungo kilichotumwa na mtu asiyejulikana.

Liko onyo moja ambalo ni kubwa kuliko yote haya. Wako wanaoitoa diski ya kinasa na kuichomeka katika kompyuta. Windows haielewi maandishi ya diski nyingi za namna hiyo, nayo huuliza kama uitayarishe upya ipate kutumika. Anayekubali amefuta ushahidi wake kwa kidole chake mwenyewe. Kinasa kipya nacho huweza kuuliza hivyo kikitiwa diski ya zamani. Jibu ni moja: hapana.

Najua wapo watakaosema kwamba ninawazuia watu wasiendelee, na kwamba kinasa cha zamani ni hatari. Neno lao lina ukweli. Mwezi wa Oktoba 2016 kamera na vinasa vingi duniani, vilivyoachwa na maneno ya siri ya kiwandani, vilitekwa na programu mbaya iitwayo Mirai na kutumiwa kuangusha huduma kubwa za mtandao huko Marekani. Kinasa ambacho watengenezaji wake wameacha kukirekebisha kisiachwe wazi kwenye mtandao. Na kama mwenyewe ana uwezo, akibadili. Lakini abadili kwa hiari yake, kwa wakati wake, akijua sababu. Kubadili kwa hofu, katikati ya msimu, kwa neno la mtu ambaye hata waya wa televisheni hakuujaribu, hayo si maendeleo, ni hasara. Hata fundi mwaminifu, nao ni wengi, atafurahi kumkuta mwenye nyumba aliyekwisha kujua kama kinasa ni kizima.

Mwisho, nina mashauri mawili kwa chama chetu. La kwanza, wanachama wanaotumia ghala moja wawe na daftari moja, ndani yake iandikwe aina ya kinasa, anwani yake, ukubwa wa diski, siku zinazohifadhiwa na jina la anayeshika neno la siri. Neno lenyewe litiwe katika bahasha iliyofungwa, ikae pamoja na hati za shamba. Mali bila daftari hupotea bila habari, na leo neno la siri nalo ni mali. La pili, asiwepo mtu wa kubadili kompyuta wala ruta ya ghala wakati karafuu ziko uwanjani. Na katika mkutano wa kabla ya kuchuma, achaguliwe kijana mmoja aonyeshe mbele ya wote jinsi ya kuunga kinasa na televisheni. Ni kazi ya robo saa.

Tumewasomesha vijana wetu na vifaa tumevinunua kwa jasho letu. Kinachotupungukia ni desturi ya kupima kabla ya kuhukumu. Tukiipata, tutaokoa fedha. Na zaidi ya fedha, tutaokoa heshima ya watu wanaotuchumia na kutulindia, ambao hawana shahidi mwingine ila hicho kisanduku.

Ni mimi wenu,
Mwanachama,
Themi, Arusha.