Nanga Nayo Ilitoka Ugenini

Nimestaafu ualimu wa Kiswahili na kurejea kwetu Endulen nikiwa na deni la kukiri: niliwaadhibu wanafunzi waliozungumza Kimaasai bwenini, nikidhani nailinda lugha ya taifa.

Ilhali nilikwisha kufundwa vingine. Nikiwa mwanachuo wa ualimu, tulivuka kwa jahazi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, upepo wa kusi ukijaza tanga. Jioni, Mji Mkongwe, nilisikia Kigujarati dukani, Kiarabu barazani na Kingazija bandarini, nacho Kiswahili hakikutetereka. Kingetetereka vipi? Nahodha, nanga na bandari ni maneno yenye asili ya Kiajemi. Bahari ni la Kiarabu, bendera la Kireno.

Huku kwetu hazina ni kubwa zaidi. Kati ya Karatu na Ziwa Eyasi hukutana Kiiraqw cha Kikushi, Kimaasai na Kidatoga vya Kinailoti, Kihadza kisicho na ndugu anayejulikana, na Kiswahili cha Kibantu. Mshairi chipukizi akikosa neno la rangi ya ng'ombe, kwa nini tumzuie kuchota katika kisima cha mamaye?

Walimu wenzangu, mwanafunzi akileta neno la kwao, mwulizeni maana yake, mhesabu mizani pamoja, kisha liandikwe.

Baadhi ya niliowaadhibu sasa wana wajukuu. Tukikutana mnadani, huwaamkia kwanza kwa Kimaasai, lugha yao na yangu.