Kabla ya Kukemea Majani ya Manjano



Leo nazungumzia ua. Wengi wenu mmenunua gadenia kwa wauza miche wa kando ya barabara kwa sababu ya ile harufu yake tamu. Mkaiweka sebuleni, na baada ya wiki chache matumba yakaanguka kabla ya kuchanua, majani yakageuka manjano. Mkaongeza maji. Mkaongeza mbolea. Mkaihamisha kutoka dirishani hadi mezani, kutoka mezani hadi verandani. Ikazidi kudhoofika.

Gadenia inapenda udongo wenye asidi. Ukiona jani limekuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, mara nyingi hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Na hapa nataka tuelewane: chuma chenyewe huenda kimo udongoni. Ni vile maji yenye chokaa, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, yamepunguza asidi, na mizizi inashindwa kuchukua kitu kilicho pale pale. Ipe maji ya mvua. Udongo uwe na unyevu lakini maji yasituame. Iweke penye mwanga mwingi, halafu uache kuihamisha-hamisha.

Sasa tazama makanisa mengi. Ndugu akipoa, haji kesha, haimbi, anaambiwa hana imani. Anaongezewa mfungo. Anawekewa mikono na watumishi watatu. Anatolewa kwaya anapelekwa kwa waombezi. Hakuna aliyemuuliza kodi ya nyumba imelala miezi mingapi, au ni nani hapa hapa kanisani alimsema vibaya. Neno linahubiriwa kila Jumapili, chuma kipo! Lakini maji anayonyweshwa ni ya chokaa, na wakati mwingine chokaa hiyo ni midomo ya wapendwa wenzake.

Sisemi tuache kukemea. Pepo wapo, na nitaendelea kuwakemea. Ila si kila jani la manjano ni pepo.

Soma Luka 13:6-9. Yule mtunza shamba hakubisha kwamba mtini hauzai. Aliomba mwaka mmoja zaidi, auchimbie pande zote na kuutia mbolea. Hiyo ni kazi ya kuinama na kuchafua mikono.

Tena, jani lililogeuka manjano kabisa kwa kawaida halirudi kuwa kijani. Ukilingoja hilo utakata tamaa na kuitupa gadenia yako. Angalia majani mapya yanayochipua juu. Mama, kijana wako ameacha pombe mwezi uliopita. Mbona kila akikaa mezani unamhesabia miaka aliyopoteza?

Kuna kiti ambacho kimekaa bila mtu Jumapili tatu sasa. Unajua ni cha nani. Mpigie simu leo, na kabla hujamwombea, muulize habari za nyumbani. Halafu nyamaza umsikilize.

Mchungaji wenu.