Neno Gereza Lilitoka Wapi?

Mpitapo penye gereza, je, mwajua kwamba jina hilo kwanza lilikuwa la nyumba ya Mungu? Wareno huita kanisa "igreja". Ngome ya Yesu ya Mombasa, waliyoanza kuijenga mwaka 1593, ilikuwa na kanisa ndani yake. Nadhani waliokuwa nje waliona kuta tu. Basi jina likahamia ngome, hata zile za Unguja na Kilwa Kisiwani zikaitwa Gereza. Baadaye ngome zikafungiwa watu. Hiyo ya Mombasa yenyewe ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958.

Hapa kwetu Pemba, ukiuliza Wareno walituachia nini, utaambiwa mchezo wa ng'ombe. Gereza halitajwi, ingawa mama mwenye mwana kifungoni hulitamka kila siku.