BURAQ HAHITAJI KASI YA MWANGA: TUACHE KUITETEA DINI KWA FIZIKIA YA KUAZIMA



Ndugu yangu katika imani, kila unapoingia mwezi wa Rajab simu zetu hujaa ujumbe ule ule. Unasema wanasayansi wamethibitisha Miraji. Unasema Einstein, bila mwenyewe kujua, aliitolea ushahidi safari ya Mtume wetu (s.a.w.): Buraq alikwenda kwa kasi ya mwanga, wakati ukasimama, ndiyo maana Mtume akaenda na kurudi usiku mmoja. Chini yake watu wanaandika "Maashaa Allah", kisha wanasambaza.

Leo nakuomba usisambaze. Soma kwanza hadi mwisho, na ukiona nimekosea nirekebishe.

Wala sikulaumu wewe peke yako. Mimi mwenyewe nimelisema hilo juu ya mimbari. Baada ya swala, kijana mmoja anayesoma fizikia chuoni alinisubiri nje akaniambia kwa adabu, "Sheikh, hesabu ile iko kinyume." Nikamkatiza. Nikamwambia asiingize akili yake kwenye mambo ya imani. Akanijibu, "Lakini sheikh, aliyeleta fizikia msikitini si mimi." Kisha akaongeza neno linaloniuma hadi leo: "Kama hili mmelisema kwa uhakika namna ile na si kweli, ya kaburini na ya akhera nitayaaminije?" Tangu siku hiyo sijamwona, si safu ya mbele wala ya nyuma.

Basi nikaenda kusoma. Haya ndiyo niliyoyakuta.

KWANZA: NADHARIA YENYEWE INASEMA NINI?

Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kuwa wakati haupiti sawa kwa kila mtu. Anayekwenda kasi sana, saa yake huenda polepole ikilinganishwa na ya aliyebaki. Hiyo ndiyo relativiti, na si porojo. Mwaka 1971 Hafele na Keating walisafirisha saa za atomiki kuizunguka dunia kwa ndege za abiria. Waliporudi, saa hizo zilitofautiana na zilizobaki Marekani, kwa kiasi kidogo mno, kama nadharia ilivyotabiri. Hata setilaiti za GPS zinazokuonyesha njia kwenye simu yako, saa zake lazima zirekebishwe kwa sababu ya kasi yake na ya uvutano wa dunia kuwa hafifu huko juu.

Sasa nisikilize vizuri. Msafiri akienda kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga, mwaka mmoja kwake ni kama miaka saba kwa waliobaki nyumbani. Msafiri ndiye anayepitiwa na muda mfupi, na waliobaki ndio wanaozeeka. Miraji ni kinyume cha hayo. Mtume (s.a.w.) alifika Baytul Maqdis, akapandishwa mbingu saba, akakutana na Manabii, akafaradhishiwa swala, na huku Makka ilikuwa imepita sehemu tu ya usiku.

Nyota iliyo karibu nasi zaidi baada ya jua, mwanga wake huchukua zaidi ya miaka minne kutufikia. Kwenda na kurudi kwa kasi ya mwanga ni zaidi ya miaka minane kwa wakati wa watu wa Makka. Na hiyo ni nyota moja, hatujazungumzia mbingu. Kwa hesabu ya ule ujumbe unaousambaza, Mtume angerudi akute Maquraishi waliombeza wamekwisha kufa zamani.

PILI: "BASI BURAQ ALIIPITA KASI YA MWANGA"

Wakibanwa hapo, wengine husema hivyo. Lakini nadharia ile ile ndiyo inayokukatalia. Inasema hivi: matukio mawili yakiwa mbali kiasi kwamba mwanga haukuwahi kutoka moja kufika jingine, watazamaji wanaokwenda kwa kasi tofauti wanaweza kuhitilafiana lipi lilitangulia. Ama tukio lililosababisha jingine, wote wanakubaliana kuwa sababu ilitangulia na matokeo yakafuata. Ukiruhusu kitu kiupite mwanga, utaratibu huo unavunjika. Atapatikana mtazamaji ambaye kwa hesabu yake msafiri alifika kabla hajaondoka. Shahidi uliyemleta mwenyewe mahakamani sasa anatoa ushahidi dhidi yako.

Je, nasema Miraji haikuwa? Audhubillah. Naamini ilikuwa, kwa mwili na roho, kwa sababu aliyetuambia ni mkweli. Abu Bakr (r.a.) alipopelekewa habari hakuuliza Buraq anakwenda kasi gani. Alitaka kujua jambo moja tu: ni kweli Mtume amesema? Kwa hilo akaitwa Siddiq.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilieleza hili katika Tahafut al-Falasifa kwa mfano wa moto na pamba. Pamba ikigusana na moto huungua, lakini moto hauna uwezo wake wenyewe. Allah ndiye anayeumba kuungua, na ametuzoesha kuyaona mawili hayo pamoja. Akitaka, moto hautaunguza, kama alivyosalimika Nabii Ibrahim (a.s.). Basi muujiza ni tendo la aliyeiweka kawaida yenyewe. Ukiutafutia fomula, umeushusha ukawa safari ya roketi.

TATU: "DUNIA NI MWIGO WA KOMPYUTA"

Siku hizi kuna wimbi jingine. Wanasema wanasayansi wamegundua kuwa tunaishi ndani ya mwigo wa kompyuta, kama wachezaji ndani ya gemu, basi mwenye programu ni Allah. Hakuna aliyegundua hilo. Mwaka 2003 mwanafalsafa Nick Bostrom wa Oxford aliandika kwamba angalau moja kati ya mambo matatu ni kweli: ama viumbe kama sisi huangamia kabla ya kupata uwezo wa kutengeneza mwigo kama huo, ama wakiupata hawajishughulishi nao, ama sisi tumo ndani yake. Hakusema la tatu ndilo.

Na hao waendeshaji anaowazungumzia ni nani? Ni viumbe wenye kompyuta kubwa, tena wao wenyewe huenda wamo ndani ya mwigo wa wengine. Huyo ndiye unayemfananisha na Mola asiyezaa wala kuzaliwa? Mtoto wa madrasa aliyehifadhi Suratul Ikhlas anajua kukujibu.

Yuko pia anayesema, "Kila kitu kimeandikwa kwenye programu, basi dhambi si yangu." Huyo mwibie simu, uone kama atamlaumu mwandika programu au atakukamata wewe shati.

NNE: MTUME ALIKATAA USHAHIDI WA UONGO

Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku ile ile. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto wa Mtume. Tazama fursa hiyo! Angenyamaza tu, wengi wangezidi kuamini. Lakini naye akiwa katika majonzi, aliwaambia kuwa jua na mwezi ni alama mbili za Allah, na havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Hakukubali utume wake uungwe mkono na jambo lisilo kweli hata siku moja.

Sisi ni nani basi hata tukubali? Al-Ghazali katika kitabu kile kile alionya kuwa anayedhani ni wajibu wa dini kubishana na hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi anaidhuru dini, na kwamba madhara ya anayeitetea kwa njia isiyo yake ni makubwa kuliko ya anayeipinga. Nilikuwa mmoja wa watetezi hao.

Basi wewe mwenye kikundi cha WhatsApp, ujumbe ule ukija Rajab hii, ufute. Mwanao akikuuliza swali la fizikia usilolijua, mwambie, "Sijui, kamuulize mwalimu wako, kisha uje unifundishe." Na wewe kijana, kama unasoma hapa: hesabu yako ilikuwa sahihi, na nilikukosea kwa kukukatiza. Nafasi yako msikitini ipo.

Allah atusamehe tuliyoyasema bila elimu, na atujaalie ukweli katika ndimi zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.